Nusu Iliyobaki Bluu

Ruiru, 3 Machi 2025

Mjomba Ephantus,

Natumai barua hii imekukuta vizuri, wewe na Anti Magdalene na kuku wake. Sisi tuko wazima. Mama bado anasumbuliwa na goti la kushoto, lakini Jumamosi nilimkuta kule Theta akipanda maharagwe huku akinieleza jinsi daktari alivyomkataza kuinama. Parachichi za upande wa barabara zimeanza kuanguka kabla ya kukomaa. Anataka nikuulize kama za Thika pia zinaanguka. Nadhani anataka tu ujue kwamba amekutaja.

Najua umeshangaa kupata barua kutoka kwa mtu aliye umbali wa dakika arobaini. Simu huisikii, ujumbe husomi mpaka Jumapili, na kilichomo kwenye bahasha hii ni lazima ukishike kwa mkono. Okello, fundi wa maabara yetu, anaishi Makongeni, mitaa miwili kutoka kwako. Atakuwa akikuletea na kuniletea.

Nimeweka vipande vitatu vya plastiki. Bluu unayoiona juu yake si rangi ya urembo. Tunayeyusha chumvi ya shaba pamoja na asidi fulani, tunajaza kwenye printa ya kawaida ya ofisi, ile ya kunyunyiza wino, na kuiambia ichape. Tone likikauka, shaba na asidi hushikana zenyewe na kuwa fuwele, kama chumvi inavyobaki kwenye sufuria maji yakiisha. Fuwele hizo zina vitundu ndani, vidogo kiasi kwamba hadubini yetu haivioni. Ukiweza kukunjua kuta zote za vitundu vilivyo ndani ya gramu moja, zingefunika kama robo ya uwanja wa mpira. Hewa tunayoitafuta ikiingia humo, bluu inageuka rangi.

Shida ni kwamba plastiki ikikunjwa, bluu inapasuka na kubanduka. Nimechapa mara nane, tabaka juu ya tabaka, na bado. Dkt. Awiti, mkuu wetu, ameshaniuliza mara mbili kwa nini. Wewe ulichapa nguo miaka thelathini na moja. Nguo zinakunjwa, zinafuliwa, zinakaliwa, na maua hayabanduki. Niambie ninakosea wapi.

Gathoni


Thika, 11 Machi 2025

Maitu,

Okello alibisha mlango wangu nusu saa nzima, mpaka Magdalene aliporudi kutoka dukani akamwambia anambishia kiziwi. Sasa anajua apitie dirishani.

Sisi ni wazima. Kuku ni kumi na wanne, na tisa wanataga. Mwambie dada yangu parachichi za hapa zimekaa vizuri kwa sababu tulipunguza matunda mapema, jambo nililomwambia mwaka juzi akanitazama kama muuza dawa. Mimi nakaa tu, naota jua. Mtu akistaafu hana habari.

Unasema nikuambie unakosea wapi. Una jina la mama yangu, ndiyo maana nakuita Maitu, mama, kwa hiyo sina ruhusa ya kusema unakosea, lakini nitajaribu. Nimevikunja vipande vyako. Kimoja kilipasuka mara ya kwanza, kingine mara ya nne. Cha tatu Magdalene amekichukua, anasema ni kizuri.

Plastiki haina mahali pa kushika. Uzi wa pamba una nywele, na rangi huingia kati ya nywele hizo ikajifunga. Tafuta amerikani. Lakini usiitoe dukani ukaipeleka moja kwa moja kwenye printa. Kitambaa kipya kina wanga na mafuta ya pamba, na tone litasimama juu yake kama maji juu ya jani la nduma. Kichemshe kwa magadi saa moja, kisha ukisuuze.

Halafu usijaze. Vijana wapya kiwandani wote walikuwa na kosa hilo. Wakiona rangi ni hafifu wanaongeza, wanaongeza, mpaka inakuwa ngozi juu ya nguo, na ngozi hupasuka. Chapa, kausha kabisa, chapa tena. Mara tatu basi. Na usichape bluu nzima kama ukuta. Chapa nukta nyingi zilizoachana kidogo. Aliye mbali ataona bluu moja, lakini kitambaa kikikunjwa kitakunjikia katikati ya nukta, na nukta yenyewe haitajua kama kuna kitu kimetokea.

Hukuniambia vitundu hivyo vinangoja hewa gani.

Ephantus


Ruiru, 29 Machi 2025

Mjomba,

Mama alicheka kuhusu parachichi, kisha akakasirika, kisha akaenda kupunguza matunda. Goti ni lile lile.

Amerikani ya kwanza iliharibika. Ilitoka kijani kama ukungu wa mkate, na Dkt. Awiti akaniuliza kama nimechapa mchicha. Kosa ni langu. Nilisuuza magadi mara mbili tu, na yaliyobaki yakapigana na shaba kabla haijashikana na asidi. Safari ya pili nilisuuza mara saba, mpaka maji yakaacha kuteleza kati ya vidole. Matokeo unayo mkononi. Tumekikunja kipande kama hicho mara elfu moja kwa mashine na nukta ziko pale pale.

Hewa yenyewe ni ile inayonuka kama mayai yaliyooza. Hutoka kwenye mashimo ya maji taka, hasa tope likikorogwa. Ikiwa kidogo inanuka. Ikiwa nyingi pua inakufa ganzi, na mtu anadhani imekwisha. Pumzi chache zinatosha kumwangusha. Kwenye kitambaa huikamata shaba, na bluu inakuwa kahawia, kisha karibu nyeusi. Tunataka mtu anayefanya kazi kwenye mashimo akibandike kwenye mkono wa koti, bila betri, bila chombo cha kubeba. Hapa maabara kinageuka kwa sekunde arobaini.

Nimekuwekea kumi. Vitundike nyumbani uone kama bluu inapauka kwa jua au kwa moshi. Usivitumie kwa jambo lingine, bado ni majaribio.

Dkt. Awiti anauliza huyu mshauri wangu amesomea wapi. Nimemwambia, chumba cha kuchapa, karibu na boila.

Gathoni


Thika, 5 Aprili 2025

Maitu,

Wote wazima. Mvua imeanza. Mwewe amechukua kuku mmoja, wamebaki kumi na watatu.

Vipande ni vizuri. Kimoja kiko jikoni, kingine dirishani, kingine kwenye kibanda cha kuku. Nina maswali machache, nauliza tu. Zile sekunde arobaini mnahesabu kuanzia wapi? Mtu mwenye tochi ya kichwani yenye mwanga wa manjano ataona bluu au kijani? Hewa hiyo hukaa chini au hupanda? Kwa hiyo kibandikwe begani au kwenye kifundo cha mkono? Koti likilowa, kinafanya kazi?

Vingine kumi na viwili vitafaa, kama unavyo.

Ephantus


Ruiru, 22 Aprili 2025

Mjomba,

Samahani kwa kuchelewa. Wiki iliyopita Dkt. Awiti alikuwa akiwaonyesha wageni kazi yetu, na hakuna aliyelala vizuri. Pasaka nilikuwa Theta. Mama alichinja jogoo na akasema sehemu yako imeliwa na wenye miguu ya kuja.

Hewa hiyo ni nzito kidogo kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hukaa chini. Kifundo cha mkono ni bora kuliko bega, kwa sababu mkono hufika kabla ya pua. Sekunde tunahesabu tangu tunapofungua mrija. Mwanga wa manjano huifanya bluu ionekane kijani, lakini kahawia haijifichi. Nimechapa mstari mweusi pembeni kwa wino wa kawaida ili mtu awe na cha kulinganisha.

Viko kumi na viwili. Ukimaliza navyo virudishe, na uandike nyuma tarehe na mahali.

Jikoni kwenu siku hizi mnapika na tochi ya kichwani?

Gathoni


Thika, 19 Mei 2025

Maitu,

Okello alikwenda likizo kwao, ndiyo maana kimya. Sisi ni wazima. Tumebadilisha mabati ya jikoni na tumepata tangi la maji, kwa hiyo Magdalene hapangi tena foleni na madumu. Muthoka, tuliyekuwa naye kiwandani, anakusalimu. Mwambie dada yangu nimesikia kuhusu jogoo.

Narudisha vitano. Vinne bado bluu: jikoni, dirishani, kibanda cha kuku, na kimoja kilichokaa sandukuni. Cha tano kimebadilika kidogo. Ni mayai. Kuku mmoja alitagia nyuma ya magunia, hatukujua, yakaoza. Nadhani hilo linaonyesha kwamba kitambaa kinafanya kazi.

Lile swali la koti lililolowa hukulijibu. Si lazima.

Ephantus


Ruiru, Jumatano 21 Mei 2025, saa nane mchana

Mjomba,

Leo sina salamu.

Mayai hayafanyi hivi. Tangu jana nimefungia kipande kipya kwenye chupa pamoja na mayai matatu yaliyooza, ambayo niliyatoa kwa muuza mayai mmoja wa Kiuu akidhani nimerukwa na akili. Hadi sasa kina doa la manjano ambalo usipoambiwa hulioni. Chako ni kahawia iliyoiva. Kwenye pindo kina tope lililokauka. Kina matundu mawili ya pini, kama kilichobanwa kwenye mkono wa koti.

Nilipomuuliza Okello, alitazama viatu vyake kwanza. Anasema watu wengi wa Makongeni wanajua kwamba wewe na Muthoka mnashuka kwenye mashimo ya nyumba za kupanga huko Witeithie. Lori la eksosta likishanyonya maji taka, ninyi mnaingia kutoa tope kwa ndoo. Anasema kesho asubuhi ni shimo la nyuma ya kichinjio. Na anasema alidhani ninajua.

Lakini kahawia si jambo linaloniogopesha. Ni ile nusu nyingine. Kipande chako kimegawanyika kama kwa rula: nusu ya juu kahawia, nusu ya karibu na kiganja bado bluu. Nusu iliyobaki bluu ndiyo iliyolowa.

Swali lako nilikuwa na jibu lake tangu tarehe 17 Aprili. Nililowesha kipande, nikafungua mrija. Kilichukua dakika kumi na moja. Maji yanaziba vitundu na hewa haifiki kwenye shaba. Sikukuandikia kwa sababu wageni walikuwa wametoka tu kuiona kazi yetu, na sikutaka kuweka kwenye karatasi yoyote kwamba kitu chetu kina hali ambayo kinadanganya. Nikajiambia uko jikoni. Ukweli ni kwamba niliposoma habari ya tochi nilijua hauko jikoni, nikafanya mzaha.

Kwa hiyo sasa naandika: kitambaa kikilowa, bluu si salama. Bluu haimaanishi chochote. Na taa ya kushusha shimoni, kama ndiyo mnayoitegemea, inakuambia tu kwamba moto umepata hewa ya kuwaka. Sumu haiizimi. Tena kuna hewa nyingine humo zinazoweza kulipuka kwa moto huo huo. Na wewe husikii. Ukiwa mita nne chini, nani atakuita?

Nimempigia Anti mara nne, simu imezimwa. Nimekutumia ujumbe. Ningekuja na Okello sasa hivi, lakini mama yuko kliniki kwa ajili ya goti na ni mimi wa kumrudisha Theta. Okello anaondoka saa kumi na barua hii. Kesho asubuhi nakuja mwenyewe.

Umeniita mama tangu siku niliyopewa jina lake, na sijawahi kulitumia. Leo nalitumia. Ephantus, usishuke.

Gathoni


Thika, 24 Mei 2025

Maitu,

Salamu za leo ni nyingi, kwa kuwa barua yako haikuwa nazo. Mimi ni mzima. Muthoka ni mzima. Magdalene ni mzima kupita kiasi: hajafungua mdomo mbele yangu tangu Alhamisi, akitaka kitu anaandika kwenye karatasi, na mpaka leo ameandika neno moja, “Mwongo.”

Ulipofika kichinjioni ulinikuta nimekaa juu ya ndoo, ukaanza kusema. Ulisema kwa kasi, tena ukigeuka huku na huku. Mimi nilijifunza kusoma midomo kati ya mashine mia mbili, lakini midomo ya mtu aliyesimama mahali pamoja. Nilishika “wazimu” na “mama”, mengine yote yakapita. Ulipoanza kulia sikupata hata moja. Kwa hiyo nakuandikia yaliyotokea kabla hujafika.

Jumatano jioni nilikuwa kwenye kamati ya kanisa. Okello alimkuta Magdalene, naye akaifungua barua. Tangu Januari nilikuwa nimemwambia mimi ni mlinzi wa godauni, zamu ya mchana. Nilipoingia alikuwa ameketi na gambuti zangu, zile buti za mpira, mapajani.

“Hilo godauni,” alisema, polepole ili nisikose hata herufi, “liko chini ya ardhi?”

Nikamwambia ni mara chache.

“Mara chache! Na tangi limetoka kwa hizo mara chache? Ningeendelea kubeba madumu, Ephantus. Mgongo ni wangu. Ningebeba mpaka nife, nife mimi, si wewe.”

Nilimwambia kwamba asubuhi ni lazima niende, hata kama sishuki. Muthoka angeshuka saa tatu akiwa na mimi au bila mimi, na Muthoka si mtu wa kuambiwa jambo kwa kutumiwa mtu. Alikubali niende. Gambuti alikataa kuzitoa. Nilikwenda na viatu vya kanisani.

Mwenye lori la eksosta ni Kagwe, umemwona, yule mwenye kofia nyekundu. Nilipofika walikuwa wamekwisha kunyonya maji na kushusha taa kwa kamba. Taa ilikuwa inawaka vizuri kabisa. Muthoka alikuwa ameshabana kipande chako kwenye kifundo cha mkono, na mkono wa koti ulikuwa umelowa mpaka kwenye kiwiko kwa kuosha kamba. Alinionyesha bluu akacheka.

Nikamsomea barua yako kwa sauti. Sijui nilisoma kwa sauti ya kiasi gani, lakini wachinjaji wawili walitoka nje kusikiliza.

“Rudia hapo pa dakika kumi na moja,” Muthoka akasema.

Nikarudia.

“Mzee,” Kagwe akasema, “taa inawaka, harufu imekwisha. Tangu lini kitambaa kikasoma shimo? Huyo msichana ameshaona shimo yeye?”

“Hajaona shimo,” nikamwambia. “Ameona kitambaa. Wewe umeona shimo, hukuona kitambaa.”

“Na viatu hivyo? Umekuja kazini au umekuja kubatizwa?”

Muthoka alikuwa na mguu mmoja kwenye ngazi. Nilimwomba anipe dakika mbili. Nilichukua chupa ya maji, nikakata kitako, nikabana kipande kikavu ndani yake ili kisirukiwe na matone, nikaifunga chupa kwenye ncha ya mwanzi. Muthoka akakoroga tope kutoka juu kwa reki ndefu. Nikashusha. Nilihesabu kwa vidole, Kagwe akitazama. Kwenye ishirini na tano nikavuta juu. Kilikuwa kahawia pembezoni. Nikakirudisha kwa hesabu ya kumi na tano zaidi. Kilitoka cheusi kuliko ule mstari wako wa kulinganisha.

Taa ilikuwa bado inawaka. Hakuna hata mmoja wetu aliyenusa kitu. Na kile cha mkononi mwa Muthoka, ambaye alikuwa ameinama juu ya mdomo wa shimo muda huo wote, kilikuwa bluu kama nguo ya shule.

Muthoka aliutoa mguu kwenye ngazi. Alikwenda akakaa chini ya ukuta, akavua glovu, kwanza ya kulia kisha ya kushoto, akaanza kucheka. Alicheka kwa muda. Wachinjaji nao walicheka, wakaacha, yeye akaendelea. Kagwe aliivuta taa juu akaizima, akaniuliza, “Sasa mnataka nifanye nini?” Nikamwambia alete feni ya kusukuma hewa na bomba lake, ama amwite mwenye kichinjio ashuke yeye. Ndipo nikakaa juu ya ndoo, na ndipo ulipofika.

Sasa ile nusu. Umeandika lako, nami niandike langu. Tarehe 9 Mei tulikuwa Witeithie, watu watatu. Aliyekuwa chini ni Kiilu. Kipande kilikuwa mkononi mwake, na tope la maji lilikuwa limemfika kwenye kifundo. Alitazama mkono akaona bluu, akatuonyesha kidole gumba, akaendelea kujaza ndoo. Kisha akaanguka. Alikuwa amefungwa kamba, na mimi na Muthoka tulimvuta. Alikaa kitambo bila kupumua, halafu akapumua. Yuko kwao Kangundo, anapanda nyanya, na hataki kutuona. Kipande nilikitoa kwenye koti lake.

Sikukuandikia kwa sababu ungeacha kuvichapa, na mimi nilikuwa bado navitaka. Basi. Mayai nilisingizia.

Ephantus


Ruiru, 2 Juni 2025

Mjomba,

Mama anatembea bila fimbo. Amemwomba Okello amletee picha ya tangi, anasema dada mtu ana haki ya kuona. Anti Magdalene amenitumia ujumbe mrefu, simu yake imepona. Hajakusamehe lakini ameanza kuuliza unapenda nini kwenye chai, kana kwamba amesahau, na nadhani hiyo ni njia yake.

Nilikwenda kwa Dkt. Awiti na kipande chako na barua yako. Nilimwomba asome ukurasa wa tarehe 9 Mei kwanza. Alisoma, akafunga mlango, akasoma tena. Nilitarajia kufukuzwa. Alisema kitu kimoja: “Hiyo dakika kumi na moja inahamia ukurasa wa kwanza wa ripoti, na wewe ndiye utakayeisoma mbele ya watu.” Niliisoma Ijumaa. Mgeni mmoja aliuliza tulijuaje kwamba mtu kazini angetazama upande uliolowa. Nikamwambia kwa sababu mtu alitazama.

Nimemwandikia Kiilu. Sikumwomba chochote. Nimemweleza jinsi kitambaa kinavyofanya kazi na pale kilipokosea, na nani alijua tangu lini. Barua haijarudi wala kujibiwa.

Tangu ile Alhamisi ya kichinjioni tunakipaka kitambaa utando mwembamba wa aina ya mpira, unaopitisha hewa na kukataa maji. Tumejaribu mara sitini kikiwa kikavu na mara sitini kikiwa kimezamishwa kisha kutolewa. Kikavu, sekunde arobaini na nane. Kilicholowa, sekunde hamsini na tano. Hakuna hata kimoja kilichopita dakika moja na nusu. Nimekuwekea saba, na safari hii nimeandika kila kitu kwenye karatasi iliyoambatana navyo, pamoja na yale kisiyoyaweza: hakionyeshi upungufu wa hewa, hakionyeshi hewa za kulipuka, na kikishageuka hakirudi. Mwonyeshe Kagwe karatasi kabla ya vipande.

Nimelala vizuri wiki hii. Nilidhani ungependa kujua.

Gathoni


Thika, 14 Agosti 2025

Maitu,

Nimekawia, na safari hii si kwa sababu ninaficha kitu. Nilikuwa na kazi.

Sisi ni wazima. Kuku wamerudi kumi na wanne. Magdalene anaongea, na ana madeni ya maneno ya miezi miwili, kwa hiyo namtazama midomo tangu asubuhi mpaka macho yanauma. Gambuti bado amezifungia. Kiilu alimpigia Muthoka wiki jana, wakaongea kuhusu bei ya nyanya na si kitu kingine. Muthoka anasema aliongea kama mtu mwenye afya.

Kagwe aliisoma karatasi yako akiwa amesimama, kisha akakaa akaisoma tena. Hakuniomba msamaha, lakini wiki iliyofuata alikuja na feni na bomba refu nyuma ya lori, na mikanda miwili ya kufungia watu, mipya. Tuliingia shimo la kichinjio tarehe 1 Julai, baada ya feni kupiga siku nzima. Ninaposema tuliingia, ni Muthoka na mwenzake mpya, mtu wa Theta. Mimi sishuki. Kazi yangu sasa ni kukaa juu, kushusha kitambaa kwenye mwanzi kabla ya mtu kushuka, na kutazama vilivyo mikononi mwao wakiwa chini. Kamba ikivutwa mara moja ni salama, mara mbili ni panda. Kwa hilo masikio hayahitajiki. Nikiinua mkono, hakuna anayegusa ngazi, hata Kagwe mwenyewe.

Jumanne tulikuwa Witeithie kwenye mashimo mawili. La kwanza niliinua mkono, Kagwe akanuna akaenda kusimama karibu na lori. La pili aliiwasha feni kabla sijamaliza kuuinua. Tulingoja mpaka kitambaa kipya kikatoka bluu. Muthoka alishuka saa sita na nusu, akapanda saa saba na robo, akasimama juani na koti limemganda mwilini kwa maji, akaniuliza kama chai imebaki.

Nikamwambia ipo, na bado ni ya moto.

Ephantus